Vinasaba na Uhimilishaji: Namna ya Kufupisha Miaka ya Kumsubiri Ng'ombe Bora wa Maziwa

Katika Kata ya Mbweni, Manispaa ya Kinondoni, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa hana eneo la kuchungia. Viwanja vilivyokuwa vichaka vimejengwa nyumba, na ng'ombe anaishi bandani, nyuma ya ukuta, akiletewa majani yaliyokatwa, pumba, mashudu na maji. Kwa mfugaji wa namna hiyo, kuongeza idadi ya mifugo si njia ya kuongeza maziwa. Banda lake lina nafasi ya ng'ombe wawili au watatu, na ng'ombe anayetoa lita 5 kwa siku huchukua nafasi ileile, dawa zilezile na muda uleule wa kuhudumiwa kama anayetoa lita 12. Swali linalomkabili ni ng'ombe gani astahili kuwamo katika banda hilo dogo.

Jibu la swali hilo huchelewa kupatikana. Ng'ombe akihimilishwa leo na kushika mimba, huzaa baada ya miezi tisa hivi. Ndama akiwa jike na akitunzwa vizuri, atazaa kwa mara ya kwanza akiwa na umri wa miaka miwili na nusu. Kwa wafugaji wengi nchini umri huo hufika miaka mitatu au zaidi. Hapo ndipo mfugaji anapojua kama mrija wa mbegu alioulipia ulikuwa na thamani. Kati ya siku ya uhimilishaji na siku ya kumkamua mtamba huyo kwa mara ya kwanza, miaka mitatu hadi minne ya chakula, dawa na kazi imekwisha kupita. Aidha, uwezekano wa ndama kuzaliwa dume ni karibu nusu, na akizaliwa dume hesabu huanza upya.

Makala haya yanaeleza jinsi nyanja mbili za sayansi ya mifugo, yaani uchaguzi wa mifugo kwa kutumia jenomu na teknolojia za uzazi, zinavyounganishwa ili kupunguza miaka hiyo pamoja na bahati nasibu iliyomo ndani yake. Suala hili si la wafugaji wa Dar es Salaam peke yao. Kwa takwimu za Wizara ya Mifugo na Uvuvi za mwaka 2022/2023, Tanzania ilikuwa na ng'ombe zaidi ya milioni 36, lakini walio wengi ni wa asili, waliozoea ukame na magonjwa ila maziwa yao ni machache. Kiwango cha unywaji wa maziwa kinachopendekezwa, lita 200 kwa mtu kwa mwaka, bado kiko mbali kufikiwa.

Kumsoma ndama kabla hajazaa

Tangu zamani wafugaji wamekuwa wakimchagua dume kwa kumtazama mama yake: kiwele chake, maziwa yake, idadi ya ndama aliowazaa. Njia hiyo ina ukweli, kwa kuwa sifa hurithiwa. Kasoro yake huonekana pale panapokuwa na ndugu wawili wa baba mmoja na mama mmoja. Kwa kuangalia ukoo pekee, wawili hao wana alama sawa siku wanayozaliwa. Lakini kila mfugaji anajua kwamba ndugu hawalingani. Mmoja anaweza kutoa maziwa mara mbili ya mwenzake ilhali wanakula katika hori moja. Sababu ni kwamba kila ndama hupokea nusu ya vinasaba vya baba na nusu ya vinasaba vya mama, na nusu hizo huchanganywa upya kila mimba inapotungwa.

Jenomu ni jumla ya vinasaba vyote vya kiumbe. Ya ng'ombe ina kromosomu 60 na maandishi yenye urefu wa herufi karibu bilioni 3. Aprili 2009 zaidi ya wanasayansi 300 kutoka nchi 25 walichapisha usomaji wa kwanza wa jenomu hiyo, wakitumia vinasaba vya ng'ombe jike wa mbari ya Hereford kutoka jimbo la Montana nchini Marekani, aliyeitwa Dominette. Walikadiria kuwa ng'ombe ana jeni zipatazo 22,000. Hakuna jeni moja kati ya hizo inayoweza kuitwa jeni ya maziwa. Wingi wa maziwa hutokana na mchango mdogo mdogo wa jeni nyingi sana, na ndiyo sababu kwa muda mrefu ilionekana haiwezekani kuusoma kutoka kwenye vinasaba.

Ufumbuzi ulipendekezwa mwaka 2001 na wanasayansi watatu, Theo Meuwissen, Ben Hayes na Mike Goddard. Badala ya kuitafuta jeni moja moja, walisema, zihesabiwe alama zote zilizotawanyika katika jenomu kwa pamoja. Kwanza huandaliwa kundi rejea: maelfu ya ng'ombe ambao maziwa, uzito, uzazi na afya yao vimepimwa, na ambao vinasaba vyao vimesomwa kutoka kwenye sampuli ya nywele au damu. Kompyuta hulinganisha orodha hizo mbili na kuipa kila alama thamani yake. Alama moja inaweza kuashiria nyongeza ya matone machache tu ya maziwa kwa siku, na nyingine upungufu wa matone. Kisha ndama mchanga ambaye hajawahi kukamuliwa, wala hana binti hata mmoja, husomwa alama zake na thamani hizo hujumlishwa. Jumla inayopatikana ni makadirio ya uwezo alioupata kwa wazazi wake, na inaweza kuwatofautisha hata wale ndugu wawili wa tumbo moja.

Mwaka 2001 hoja hiyo ilikuwa ya kwenye karatasi. Kufikia mwaka 2008 zilikuwa zimepatikana chipu za maabara zinazosoma alama zaidi ya 50,000 kwa mara moja, na Januari 2009 Marekani ilianza kutoa rasmi tathmini za jenomu kwa ng'ombe wa Holstein na Jersey.

Matokeo yalionekana zaidi katika muda. Kabla ya hapo dume la kuzalishia lilipaswa kuthibitishwa na binti zake. Dume lilifikisha mwaka mmoja na kuanza kutoa mbegu, mbegu zikasambazwa mashambani, binti wakazaliwa, wakakua, wakazaa, wakakamuliwa msimu mzima, ndipo dume likapewa daraja. Zoezi hilo lilimaliza miaka mitano au sita, na madume mengi yaliyolishwa muda wote huo yaliishia kuonekana hayafai. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2016 ulionesha kuwa umri wa baba wa madume wa Holstein wakati watoto wao wanazaliwa ulishuka kutoka takriban miaka saba hadi chini ya miaka miwili na nusu baada ya jenomu kuanza kutumika.

Upande wa uzazi

Kumjua ndama bora siku ya kuzaliwa kwake kuna faida ndogo iwapo atabaki kuzaa kwa kasi ya kawaida. Ng'ombe jike akitunzwa vizuri huzaa ndama mmoja kwa mwaka. Katika maisha yake yote bandani ataacha watoto watano au sita. Teknolojia za uzazi zipo kwa ajili ya kuondoa kikwazo hicho.

Ya kwanza, na iliyoenea zaidi nchini, ni uhimilishaji. Mwaka 1949 watafiti wa Uingereza waligundua kuwa mbegu za dume zikichanganywa na gliserini huweza kugandishwa na kuyeyushwa zikiwa hai. Leo mbegu huhifadhiwa katika mirija midogo ndani ya mitungi ya naitrojeni kimiminika, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Mbegu za mshindo mmoja wa dume hugawanywa katika mamia ya mirija, hivyo dume moja lililoko Usa River linaweza kuwa na watoto Kinondoni, Mbeya na Mwanza kwa wakati mmoja, hata baada ya kufa.

Kisha ikaja mbegu iliyotenganishwa jinsia. Chembe ya mbegu inayozaa jike ina vinasaba vingi kwa karibu asilimia 4 kuliko inayozaa dume, na mashine hutumia tofauti hiyo ndogo kuzitenga. Kwa mbegu ya namna hiyo, takriban ndama 9 kati ya 10 huwa wa jinsia iliyokusudiwa. Kwa mfugaji wa Mbweni asiye na pa kumweka ndama dume, hilo ni jambo kubwa. Ila anapaswa kuelezwa pia upande wa pili: mbegu hiyo ina bei ya juu na kiwango chake cha kushika mimba huwa chini kuliko cha mbegu ya kawaida, kwa sababu chembe ndani ya mrija ni chache na zimepitia misukosuko ya mashine. Ndiyo maana wataalamu hupendelea itumike kwa mitamba wenye afya na siha nzuri badala ya ng'ombe anayesumbua kushika mimba.

Uhimilishaji hueneza ubora wa dume. Uhawilishaji wa viinitete hueneza ubora wa jike. Jike bora huchomwa homoni ili aachie mayai mengi kwa mara moja, huhimilishwa, na baada ya siku saba viinitete husafishwa kutoka kwenye mji wa mimba na kupandikizwa kwa majike wengine. Njia mpya zaidi ni kuvuna mayai kwa sindano inayoongozwa na picha za mawimbi ya sauti, na kuyarutubisha maabara. Ndama wa kwanza wa kurutubishwa maabara alizaliwa Marekani mwaka 1981. Hivi sasa Brazil ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa viinitete vya namna hiyo, hasa vya Gir na Girolando, mbari zinazohimili joto la tropiki.

Jike anayebeba kiinitete si mama yake kwa vinasaba, lakini ndiye anayempa ndama maziwa ya mwanzo na kinga ya magonjwa ya eneo husika. Ng'ombe wa asili anaweza kufanya kazi hiyo, mradi ukubwa wa ndama anayetarajiwa uendane na nyonga zake. Kumpandikizia zebu mdogo kiinitete cha mbari kubwa ni kumtafutia uzazi mgumu.

Zinapounganishwa

Wataalamu hukadiria kasi ya kuboreka kwa kundi la mifugo kwa mambo manne: usahihi wa uchaguzi, ukali wa uchaguzi, tofauti iliyopo kati ya mifugo, na miaka inayopita kati ya kizazi na kizazi. Jenomu huongeza usahihi kwa mnyama mchanga. Teknolojia ya uzazi huongeza ukali, kwa kuwa panapokuwa na viinitete 20 vya mama mmoja anaweza kuchaguliwa aliye bora kati ya 20, wakati kwa uzazi wa kawaida mfugaji hupokea yule mmoja aliyezaliwa mwaka huo, awe wa namna yoyote. Zote mbili hupunguza miaka.

Zikitumika pamoja, mfuatano huwa huu. Vinasaba vya mitamba husomwa wakiwa wachanga, na walio juu kwenye orodha huvunwa mayai mara tu miili yao inaporuhusu, kabla hata ya kuzaa ndama wao wa kwanza. Mayai hurutubishwa kwa mbegu ya dume kijana aliyechaguliwa kwa njia hiyohiyo. Katika maabara zenye uwezo, chembe chache hunyofolewa kwenye kiinitete cha siku saba na kusomwa, ili kipandikizwe kile tu chenye alama nzuri. Uchaguzi uliohitaji kusubiri binti wa dume wakamuliwe sasa unafanyika kabla mnyama hajazaliwa. Bila jenomu, maabara ya viinitete ingezalisha kwa wingi ndama ambao ubora wao haujulikani, na bila teknolojia ya uzazi, orodha ya jenomu ingebaki kuwa orodha tu.

Kwa nini isiagizwe tu kutoka nje

Mwananchi anaweza kuuliza: ikiwa Marekani, Uholanzi na nchi nyingine zina orodha za madume zilizokwisha kukokotolewa, kwa nini Tanzania isinunue mbegu za madume yaliyo juu kabisa? Mbegu hizo huagizwa na zina nafasi yake. Tatizo ni kwamba thamani ya kila alama ilikokotolewa kwa ng'ombe wanaokula chakula kingi kilichosawazishwa, katika hali ya hewa ya ubaridi. Ng'ombe wa Friesian huanza kusumbuliwa na joto linapozidi nyuzi 25 hivi, hasa penye unyevu. Mchana wa Mbweni, kando ya Bahari ya Hindi, huvuka nyuzi 30 kuanzia Desemba hadi Machi. Ng'ombe mwenye joto kali hula kidogo, hukamuliwa kidogo na huchelewa kushika mimba. Dume la kwanza kwenye orodha ya nchi baridi halina hakika ya kuwa la kwanza Pwani ya Afrika Mashariki.

Magonjwa nayo yana uzito wake. Ndigana kali, inayoenezwa na kupe, huua ng'ombe wengi wa kigeni na chotara katika ukanda huu, na hakuna orodha ya Ulaya inayompa dume alama kwa kuihimili. Mwaka 2022 watafiti wa Scotland na Kenya walitangaza kuwa wamepata, katika ukoo wa ng'ombe wa Boran, badiliko la jeni ya FAF1B linalohusiana na uwezo wa kustahimili maradhi hayo. Kuhusu joto, ng'ombe wa Senepol wa visiwa vya Karibi wamejulikana kuwa na badiliko katika jeni ya kipokezi cha homoni ya prolaktini linalowapa manyoya mafupi na laini na kuwasaidia kupoza mwili. Hayo ni mambo ambayo jenomu inaweza kuyaingiza katika uchaguzi, lakini ni lazima kwanza yapimwe kwa ng'ombe wanaoishi katika mazingira hayo.

Ndiyo sababu kazi kubwa nchini imekuwa ni kupata kundi rejea la nyumbani. Mwaka 2016 programu ya ADGG, inayoongozwa na Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo (ILRI) yenye makao Nairobi na kufadhiliwa na Wakfu wa Bill na Melinda Gates, ilianza kazi Tanzania na Ethiopia. Kwa upande wa Tanzania mshirika wake ni Taasisi ya Utafiti wa Mifugo Tanzania (TALIRI). Wakusanyaji wa taarifa waliwatembelea wafugaji wadogo katika mikoa yenye ng'ombe wengi wa maziwa, ikiwemo Arusha, Kilimanjaro, Tanga, Iringa, Njombe na Mbeya, wakiwa na vishikwambi. Walipima maziwa ya asubuhi na jioni, wakazungushia kifua cha ng'ombe utepe ili kukadiria uzito, wakaandika tarehe za kuzaa na kuhimilishwa, na kung'oa nywele chache za mkia kwa ajili ya vinasaba.

Nywele hizo zilitatua tatizo ambalo kumbukumbu za karatasi zisingeweza kulitatua. Ng'ombe wengi wa wafugaji wadogo ni chotara ambao baba zao hawajulikani. Mfugaji husema ng'ombe wake ni Friesian kwa sababu ana mabaka meusi na meupe, wakati vinasaba vinaonesha mchanganyiko wa Friesian, Ayrshire, Jersey na zebu kwa viwango ambavyo macho hayawezi kuvibaini. Vinasaba huonesha pia nani ni ndugu wa nani, hata pale ambapo hakuna aliyeandika. Kwa njia hiyo ng'ombe wawili wa banda la Rungwe na mmoja wa banda la Hai wanaweza kuingizwa katika hesabu moja, jambo ambalo kabla ya hapo liliwezekana kwa mashamba makubwa peke yake.

Kutokana na kumbukumbu hizo, madume chotara vijana waliochaguliwa kwa kutumia jenomu walipelekwa Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji (NAIC) kilichopo Usa River mkoani Arusha kwa ajili ya kuvunwa mbegu. Kwa wakazi wa Dar es Salaam na Pwani, huduma za NAIC hupitia kituo cha Kanda ya Mashariki kilichopo Kibaha. Mfugaji mdogo, kwa hiyo, halazimiki kununua kipimo cha jenomu ili anufaike. Manufaa humfikia ndani ya mrija wa mbegu.

Nchi hii si ngeni katika kazi ya kuunda ng'ombe wake. Mbari ya Mpwapwa, iliyochanganya zebu wa asili, mbari za Asia kama Red Sindhi na Sahiwal, na damu kidogo ya Ulaya, ilitengenezwa katika kituo cha Mpwapwa mkoani Dodoma kwa uchaguzi wa miongo kadhaa, kwa kalamu na daftari. Waliofanya kazi hiyo hawakuwa na chipu wala kishikwambi, lakini walikuwa na kumbukumbu za kila mnyama.

Kosa nalo huongezeka

Chombo kinachozidisha ubora huzidisha pia kasoro. Mwaka 1962 alizaliwa Marekani dume la Holstein lililoitwa Pawnee Farm Arlinda Chief. Binti zake walikuwa na maziwa mengi, na kwa njia ya uhimilishaji alipata binti wapatao 16,000 na wajukuu karibu nusu milioni. Hakuna aliyejua kuwa katika vinasaba vyake kulikuwa na hitilafu. Mnyama aliyepokea nakala moja hakudhurika. Aliyepokea nakala mbili, moja kutoka kila upande, alikufa akiwa tumboni. Wajukuu na vitukuu wa Chief walipoanza kupandishwa wao kwa wao, mimba zilianza kutoka bila maelezo. Usomaji wa jenomu ndio ulioiweka wazi hitilafu hiyo mwaka 2011, na baadaye ikakadiriwa kuwa imesababisha zaidi ya mimba 500,000 kutoka duniani kote.

Kisa hicho kinaonesha pande zote mbili. Uhimilishaji uliisambaza kasoro kwa miaka karibu 50, na jenomu ikaifichua. Hata hivyo, kasi ya sasa ni kubwa kuliko ya wakati wa Chief, na mtu anayechagua madume machache mno kwa sababu tu yameongoza kwenye orodha anaweza kulifikisha kundi zima katika undugu wa karibu ndani ya vizazi viwili au vitatu. Kwa Tanzania hatari hiyo ina sura ya ziada: zebu wa asili, Boran na Ankole wana sifa za kustahimili maradhi na njaa ambazo zikipotea haziwezi kuagizwa kutoka popote.

Jambo jingine ambalo jenomu haiwezi kulifanya ni kumlisha ng'ombe. Uchunguzi uliofanywa kwa wafugaji wadogo wa Afrika Mashariki umeonesha kuwa mahali ambapo chakula ni haba, chotara wenye kiwango cha kati cha damu ya kigeni hufanya vizuri sawa na wenye kiwango cha juu, au kuwazidi. Mfugaji asiye na uhakika wa majani wakati wa kiangazi asikimbilie mbegu ya dume la maziwa mengi kupita yote.

Banda la Mbweni linahusikaje

Hatua ya kwanza ni kumtambua ng'ombe mwenye joto, na hapa mfugaji wa mjini ana ugumu wake wa pekee. Katika kundi, ng'ombe mwenye joto hujulikana kwa kuwa anapandwa na wenzake naye anasimama. Ng'ombe aliye peke yake bandani hana wa kumpanda. Dalili zinazobaki ni kelele, kutotulia, kupungua kwa maziwa siku hiyo na ute mwepesi unaoteleza ukeni. Na katika joto la Pwani dalili hizo huwa fupi na mara nyingi hujitokeza usiku. Inafaa ng'ombe aangaliwe alfajiri na jioni sana. Akionekana asubuhi, mtaalamu wa uhimilishaji aitwe aje mchana au jioni ya siku hiyo. Akionekana jioni, aitwe kwa asubuhi inayofuata. Asiposhika, joto hurudi baada ya siku 21 hivi.

Mtaalamu anapofika, mfugaji ana haki ya kuuona mrija. Kila mrija huwa umechapishwa jina au namba ya dume na mbari yake. Namba hiyo iandikwe kwenye daftari pamoja na tarehe, kwa sababu miaka mitatu baadaye binti wa dume hilo akihitaji kuhimilishwa, namba hiyohiyo ndiyo itakayozuia asirudishiwe mbegu ya baba yake. Aidha, aulize kama dume limefanyiwa tathmini, na tathmini hiyo ilifanywa kwa ng'ombe wa mazingira gani.

Ng'ombe anayetupa mimba apimwe kabla ya kulaumiwa mbegu. Maabara kuu ya Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA) iko Temeke, na hupima magonjwa yanayoharibu uzazi, ukiwemo ugonjwa wa kutupa mimba ambao unaweza kumwambukiza binadamu kupitia maziwa yasiyochemshwa.

Utambuzi wa mifugo nao unaingia hapa. Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo Namba 12 ya mwaka 2010 ndiyo msingi wake, na Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Bariadi, mkoani Simiyu, kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo. Hereni huzungumzwa zaidi kuhusu wizi, magonjwa na masoko ya nyama. Kwa uboreshaji wa koo za mifugo hereni ina kazi nyingine: maziwa yaliyopimwa leo hayana maana katika hesabu ya jenomu iwapo haijulikani bila shaka ni ya ng'ombe yupi. Namba ya hereni ndiyo inayounganisha ndoo ya maziwa, daftari la mfugaji na nywele za mkia zilizopelekwa maabara.

Kuhusu upimaji wa maziwa, si lazima ufanyike kila siku. Lita za asubuhi na za jioni, zilizopimwa kwa chombo kilekile siku moja katika kila mwezi tangu ng'ombe azae hadi aachwe kukamuliwa, na kuandikwa mbele ya namba yake ya hereni, zinatosha kukadiria maziwa ya msimu mzima.